Sidney Farber na Mseto wa Tiba ya Saratani

Matabibu wanaopambana na saratani ya ini leo hawategemei silaha moja. Hupenyeza mrija mwembamba katika mshipa wa damu uulishao uvimbe, wakamimina dawa papo hapo na kuuziba mshipa. Kisha humpa mgonjwa dawa nyingine izungukayo mwili mzima. Majaribio mawili yaliyotangazwa mwaka wa 2024 yalionyesha kuwa mseto huo huchelewesha kukua kwa uvimbe, ijapokuwa hayakuthibitisha wakati huo kwamba hurefusha maisha. Fikra yenyewe ni kongwe, na Sidney Farber ni miongoni mwa waasisi wake.

Alizaliwa Buffalo, Marekani, mwaka wa 1903, katika nyumba ya watoto 14. Vyuo vya utabibu vya kwao vilipunguza nafasi za Wayahudi, hivyo alianzia masomo Ujerumani ndipo akapokewa Harvard. Alihitimu mwaka wa 1927, akawa mchunguzi wa maiti katika hospitali ya watoto ya Boston. Kwa miaka mingi aliwaona watoto baada ya kufa tu. Nadhani hilo ndilo lililomkosesha usingizi.

Mwaka wa 1947 alianza kuwapa watoto wenye saratani ya damu dawa ya aminopterini, aliyoipata kwa Yellapragada Subbarow, mwanakemia kutoka India. Kati ya watoto 16 aliowaeleza mwaka uliofuata, 10 walipata nafuu, lakini ya muda tu. Baadhi ya wenzake walinung'unika: kwa nini kuwarefushia watoto mateso? Swali hilo halikuwa la kipuuzi, nao walimu wafanyao mjadala darasani wasilipite.

Jibu lake zito lilikuja kwa saratani ya figo iitwayo uvimbe wa Wilms. Madaktari wa upasuaji walikuwa wakiikata figo, kisha mionzi ikaunguza mabaki. Hata hivyo watoto wengi walikufa, kwa kuwa chembe za ugonjwa zilikwisha kutorokea mapafuni, kisu kisikofika. Farber akaongeza aktinomisini D, dawa ipitayo damuni. Miongoni mwa watoto ambao ugonjwa haukuwa umeonekana kwingine, zaidi ya asilimia 80 walipona.

Wanaomkumbuka kwa ustadi wake wa kuchangisha fedha pekee wanampunja. Alifariki Boston mwaka wa 1973, na taasisi aliyoianzisha ingali ikitibu watoto mjini humo.