Tom Mboya: Mtoto wa Shamba la Mkonge

Kila ifikapo tarehe 12 Desemba, sisi Wakenya wa Dallas, Fort Worth na Houston hukusanyika kuadhimisha Jamhuri. Tunachoma nyama, tunapika pilau na chapati, na watoto wanapeperusha bendera. Lakini watoto hao hao, waliozaliwa hapa Texas, wameanza kutuuliza sisi ni kabila gani, na kwa nini watu wazima fulani hawasalimiani tangu uchaguzi wa nyumbani. Mwaka huu tumeona tuwajibu kwa kuwasimulia maisha ya Thomas Joseph Mboya.

Tom alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930. Wazazi wake walitoka Kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Victoria, lakini yeye alizaliwa Kilima Mbogo karibu na Thika, ambako baba yake alikuwa nyapara katika shamba la mkonge la mzungu. Katika kambi ya wafanyakazi watoto wa makabila mbalimbali walicheza pamoja, naye akakua akisema Kikamba, Kikuyu na Kiswahili pamoja na Kijaluo. Alikuwa mtoto aliyelelewa mbali na kwao, kama walivyo watoto wetu.

Alisoma katika shule za misheni ya Kikatoliki: Kabaa, Yala na Mang'u. Karo ikawa ngumu, akaenda kusomea kazi ya mkaguzi wa afya, na mwaka 1951 akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi. Siku moja mwanamke mzungu aliingia ofisini, akamtazama, kisha akauliza kama hakuna mtu humo. Mboya alilikumbuka jambo hilo maisha yake yote.

Mwaka 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari na kumkamata Mzee Kenyatta na viongozi wengine wa chama cha KAU. Wengi waliogopa kuonekana karibu na chama hicho. Mboya alijiunga nacho wakati huo huo wa hatari. Mwaka 1954 maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walizolewa Nairobi na kutiwa vizuizini, naye, kijana Mjaluo aliyeongoza shirikisho la vyama vya wafanyakazi, akawatetea hadharani. Mwaka uliofuata wafanyakazi wa bandari ya Mombasa walipogoma, Waislamu na Wakristo, wa pwani na wa bara, alishuka Mombasa kusaidia mazungumzo hadi mishahara ikaongezwa.

Watoto wetu, angalieni kura zake. Mwaka 1957 aliingia Baraza la Kutunga Sheria kwa kumshinda Mjaluo mwenzake, Argwings-Kodhek. Mwaka 1961 aligombea Nairobi Mashariki, ambako wapiga kura wengi walikuwa Wakikuyu, dhidi ya Dk. Munyua Waiyaki, Mkikuyu. Mboya alipata kura zaidi ya 31,000, na mpinzani wake hakufikisha 3,000. Watu wa Nairobi walimchagua kwa kazi yake.

Sisi tulio Marekani tuna deni lake la pekee. Pamoja na Dk. Julius Kiano na Kariuki Njiiri, wote Wakikuyu, alitafuta nafasi za masomo huku. Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier walisaidia kuchangisha nauli, na Septemba 1959 ndege ikaleta wanafunzi 81. Mwaka 1960 familia ya Kennedy ilitoa dola 100,000, na miongoni mwa waliokuja mwaka huo alikuwa Wangari Maathai, aliyesoma Kansas. Njia tuliyopita sisi kuja huku, wao ndio walioifyeka.

Hakuwa malaika. Aliijua siasa na aliicheza kwa ukali. Mpinzani wake mkubwa serikalini alikuwa Jaramogi Oginga Odinga, Mjaluo kama yeye, na mwaka 1966 alishiriki katika mipango iliyomwondoa Jaramogi kwenye umakamu wa rais wa KANU.

Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, akitoka katika duka la dawa la Mhindi barabara ya Government, ambayo leo ni Moi Avenue, alipigwa risasi akafa. Alikuwa na umri wa miaka 38. Aliyehukumiwa kunyongwa kwa mauaji hayo alikuwa Mkikuyu, na hasira ikaangukia kabila zima. Siku ya misa ya wafu gari la Rais lilipigwa mawe. Mtu aliyechaguliwa na Wakikuyu na kuwatetea kizuizini aliombolezwa kwa chuki kati ya Wajaluo na Wakikuyu, na jeraha hilo tumelibeba hadi huku ng'ambo.

Ndugu zetu, mtu wetu akifariki hapa, tunachanga kuusafirisha mwili bila kuuliza alikuwa wa kaunti gani wala alisali wapi. Tunaendesha saa nne kutoka Houston hadi Dallas kwa ajili ya matanga. Kama tunaweza kufanya hivyo msibani, tunaweza kusalimiana baada ya kura. Leo, kabla sahani hazijatolewa, kila mmoja wetu amtafute yule asiyesema naye, ampe mkono, na watoto waone.

Heri ya Sikukuu ya Jamhuri.