Mbaruk wa Gazi: Mrithi aliyepigania milki hadi ugenini

KATIKA eneo la Ndalu, kati ya Kitale na Bungoma, ambako mashamba ya walowezi yaligawiwa wananchi miaka ya 1960, kisa cha ukoo kupokonywa ardhi hakihitaji maelezo marefu. Huko Pwani, hakuna aliyeonja uchungu huo kumshinda Sheikh Mbaruk bin Rashid al-Mazrui wa Gazi.

Mbaruk alizaliwa katika jamaa ya watawala. Wazee wake, Mazrui kutoka Oman, walitumwa Mombasa kuwa maliwali katika karne ya 18. Ukoo wa Busaidi uliposhika hatamu Oman, Mazrui walikataa kuutii, wakakitawala kisiwa cha Mombasa kwa niaba yao wenyewe. Hata Pemba, kisiwa chenye rutuba kilichoilisha Mombasa, kilikuwa chini yao hadi miaka ya 1820.

Mnamo 1837, Seyyid Said aliitwaa Mombasa. Babake Mbaruk, Rashid bin Salim, aliyekuwa liwali wa mwisho wa ukoo huo, alikamatwa kwa hila pamoja na vigogo wenzake, wakasafirishwa hadi Ghuba ya Uajemi. Hawakurejea. Waliosalia waligawanyika: baadhi walihamia Takaungu upande wa kaskazini, wengine Gazi upande wa kusini.

Mbaruk alikulia katika kivuli cha msiba huo. Akiwa mkuu wa Gazi, alipigana na masultani wa Zanzibar mara kwa mara. Aliposhindwa pwani, alikimbilia boma lake la Mwele, lililozungukwa na misitu ya bara, kisha akarudi tena. Hata hivyo, utajiri wake, kama wa matajiri wengi wa Pwani wakati huo, ulitokana na jasho la watumwa, na wapo waliomwona kuwa mkandamizaji, si mkombozi.

Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilipoingia, alielewana nayo akawa analipwa ruzuku. Amani hiyo ilivunjika Februari 1895, mkuu wa Takaungu, Salim bin Khamis, alipofariki. Waingereza walimtawaza Rashid bin Salim, mwanawe marehemu, badala ya Mbaruk mwingine, wa Takaungu, aliyestahili zaidi kwa umri na desturi.

Aliyenyimwa urithi alikimbilia Gazi. Mzee Mbaruk alijikuta njia panda: amtoe jamaa yake na kulinda ruzuku, au ampe hifadhi na kualika vita. Alichagua damu.

Mwele lilitekwa Agosti 1895, lakini vita vilisambaa Pwani nzima hata Waingereza wakalazimika kuleta wanajeshi kutoka India. Aprili 1896, Mbaruk na wafuasi wake walivuka mpaka na kujisalimisha kwa Wajerumani. Alifariki Dar es Salaam mnamo 1910, bila kuiona tena Gazi.

Jumba lake la Gazi baadaye liligeuzwa shule ya msingi, na mlango wake wenye nakshi ukahamishiwa Fort Jesus, ngome ambamo wazee wake walitawala. Hivyo, Mbaruk mwenyewe hakurejea, lakini mlango wake ulifika nyumbani kwa wazee wake.