Irving Fisher, Mtu Aliyepima Nguvu ya Fedha

Katika bweni letu ubishi juu ya mashine za michezo ya video hauishi. Wengine husema zamani zilikuwa rahisi na siku hizi zimekuwa ghali mno, wengine hukataa. Ubishi huo haukatwi kwa kutazama bei peke yake. Kwa hiyo nimeona inafaa niwaeleze wasomaji, kwa ufupi, maisha ya Irving Fisher, bwana mmoja wa Marekani aliyeonyesha njia ya kuukata.

Fisher alizaliwa tarehe 27 Februari, 1867, katika mji wa Saugerties, jimbo la New York. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa na mwalimu. Mwaka 1884, kijana alipokuwa akiingia Chuo Kikuu cha Yale, baba alifariki kwa kifua kikuu, akamwachia mama na mdogo wake wa kutunza. Hakukata tamaa. Alisoma huku akifundisha wenziwe kwa malipo, na mwaka 1888 alimaliza akiwa wa kwanza katika darasa lake. Mwaka 1891 alipata shahada ya udaktari, akawa mwalimu pale pale Yale.

Mwaka 1898 alifanywa profesa, na mwaka huo huo kifua kikuu kikamshika yeye mwenyewe. Miaka mitatu ilipita ndipo akapona. Tangu hapo alishika sana kanuni za afya, asiguse pombe wala tumbaku.

Kazi yake kubwa ilikuwa kuchunguza fedha. Watu hudhani kwamba bei hupanda na kushuka, lakini fedha yenyewe husimama pale pale. Fisher alionyesha kuwa sivyo. Fedha ni kipimo, kama pishi. Ikiwa pishi lenyewe linapungua ukubwa kila mwaka, basi anayehesabu pishi tu, bila kutazama ukubwa wake, atajidanganya.

Mwaka 1922 alikwenda Ujerumani, wakati fedha ya nchi ile ilipokuwa ikianguka vibaya. Mjini Berlin alinunua shati kwa mama mmoja mwenye duka. Mama yule aliona amepata faida, kwa kuwa aliuza kwa bei kubwa kuliko aliyonunulia. Kumbe zile fedha alizopokea zilikuwa na nguvu ndogo kuliko zile alizotoa aliponunua shati lile. Alikuwa akipata hasara na kuiita faida! Mwaka 1928 Fisher alitoa kitabu kizima juu ya udanganyifu huo wa fedha.

Dawa yake ni fahirisi ya bei. Huchukuliwa kapu la vitu vinavyonunuliwa na watu, nayo gharama yake hulinganishwa mwaka kwa mwaka. Lakini je, litumike kapu la mwaka wa zamani au la mwaka mpya? Katika kitabu chake cha 1922 Fisher alipendekeza kuhesabu kwa yote mawili, kuzidisha majibu hayo, kisha kutafuta kipeuo cha pili. Kanuni hiyo ina jina lake mpaka leo.

Sasa turudi kwenye ubishi wetu. Mashine ya Atari ya mwaka 1977 iliuzwa Marekani kwa dola 199. PlayStation ya kwanza, mwaka 1995, iliuzwa dola 299, na PlayStation 5, mwaka 2020, dola 499. Fahirisi ya Marekani ilikuwa kama 60.6 mwaka 1977, 152.4 mwaka 1995, na 258.8 mwaka 2020. Zidisha bei ya zamani kwa fahirisi mpya, kisha gawanya kwa fahirisi ya zamani. Utaona kwamba dola 299 za 1995 zilikuwa sawa na dola 508 hivi za 2020; na dola 199 za Atari zilikuwa sawa na dola 850! Basi kwa Mmarekani wa 2020, ile iliyoonekana ghali kupita zote ndiyo iliyokuwa rahisi kupita zote.

Fisher alitajirika kwa kubuni namna ya kupanga kadi za maofisini, akaitia mali yake katika hisa. Mwaka 1929 alitangaza kwamba bei za hisa zimefika juu nazo zitakaa huko. Siku chache baadaye soko likaanguka. Alipoteza mamilioni ya dola, akabaki na madeni, hata nyumba yake ikabidi inunuliwe na chuo chake. Lakini mwaka 1933 alieleza, kwa makala inayosomwa hata leo, jinsi bei zikishuka madeni yanavyozidi uzito kwa mdaiwa. Jambo hilo alilijua kwa kuumia.

Si kila alilotetea linafaa kusifiwa. Aliunga mkono wale waliotaka kuchagua nani azae na nani asizae, mafundisho yaliyodhulumu watu wengi. Alifariki mjini New York tarehe 29 Aprili, 1947, akiwa na miaka 80.

Nasi tujifunze kwake hesabu hii, maana haifai kwa michezo tu. Mzazi anayepewa mshahara ule ule kila mwaka, huku bei ya unga ikipanda, amepunguziwa mshahara, ingawa karatasi yake haionyeshi hivyo.