Edison: Jamaa aliyeuza mwanga kabla ya kuupata

KABLA simu mpya haijafika dukani, wewe tayari unajua ina kamera ngapi. Picha zimeshavuja, wachambuzi wameshatabiri bei, na beste wako ameapa hanunui ya sasa kwa sababu inayokuja ni moto. Siku ya uzinduzi ikifika, nusu ya watu wananung'unika: kumbe ni hii tu?

Ukidhani mambo haya yaliletwa na intaneti, hebu rudi nyuma hadi mwaka wa 1878, Menlo Park, jimbo la New Jersey, Marekani. Huko kulikuwa na jamaa wa miaka 31, masikio mazito, nguo zimejaa madoa ya kemikali. Aliwaambia wanahabari kwamba ameshapata siri ya taa ya umeme ya nyumbani. Ukweli ni kwamba hakuwa nayo. Lakini soko la hisa lilitetemeka hadi London.

Jina lake Thomas Alva Edison.

MCHUUZI WA HABARI

Edison alizaliwa Februari 11, 1847, katika mji wa Milan, jimbo la Ohio, kitinda mimba wa watoto saba. Shuleni hakukaa sana. Mamake, aliyewahi kuwa mwalimu, ndiye aliyemfunza nyumbani. Akiwa na miaka 12 tayari alikuwa hasla, akichuuza magazeti na peremende ndani ya treni iliyokwenda kati ya Port Huron na Detroit.

Aprili 1862, Wamarekani wakipigana wenyewe kwa wenyewe, habari za mapigano makali ya Shiloh zilifika Detroit. Kijana akapiga hesabu. Kabla treni haijaondoka, aliomba dokezo la habari hizo litumwe kwa telegrafu kwenye vituo vya mbele na kubandikwa watu walione. Kisha akamwendea mhariri, akabeba magazeti mengi kuliko kawaida yake, kwa mkopo.

Treni ilipoingia vituoni, watu walikuwa wamejaa wakimsubiri. Kadiri safari ilivyosonga ndivyo bei ya gazeti ilivyopanda, na bado waling'ang'ania. Somo likamwingia: mtu aliyeonjeshwa habari nusu atalipa zaidi apate iliyobaki.

Baadaye akawa karani wa telegrafu, kisha akahamia New York, ambako alijipatia mtaji kwa kuboresha mashine za kuchapisha bei za hisa. Yaani kabla hajafika miaka 25, jamaa alikuwa ameshaketi kwenye mishipa miwili ya uvumi: magazeti na soko la hisa.

MCHAWI WA MENLO PARK

Mwaka wa 1876 alifungua maabara Menlo Park. Mwishoni mwa 1877 akatoa kifaa kilichowaacha watu vinywa wazi: fonografu, mashine ya kunasa sauti ya mtu na kuirudia. Aprili 1878 aliionyesha hadi kwa Rais Hayes, ikulu ya Marekani. Magazeti yakampa jina la mchawi, na kuanzia hapo lolote lililosemwa juu yake liliaminika.

Lolote kabisa. Aprili 1 mwaka huo huo, gazeti la Daily Graphic la New York liliandika kwamba Edison amebuni mashine ya kutengeneza chakula na mvinyo kutoka kwa hewa, maji na udongo. Ilikuwa utani wa Siku ya Wajinga. Magazeti mengine yaliimeza nzima nzima na kumsifu mvumbuzi kwa kumaliza njaa duniani.

Hebu fikiria uko kwenye viatu vyake. Ukisema una wazo tu, hakuna anayekusikiliza. Ukinyamaza, watu wanakutungia. Edison alichagua kusema, tena kwa sauti kubwa.

Septemba 1878 alitembelea karakana moja huko Ansonia, Connecticut, akaona taa za umeme za wakati huo. Zilikuwa kali mno, zinafaa barabarani wala si sebuleni. Wiki moja hivi baadaye aliliambia gazeti la New York Sun kwamba amegundua jinsi ya kugawa umeme huo katika taa ndogondogo za nyumba, na kwamba karibuni atawasha sehemu nzima ya kusini mwa Manhattan.

Wakati huo nyumba nyingi za mijini Marekani na Uingereza zilimulikwa kwa gesi, na hisa za kampuni za gesi zilionekana mahali salama pa kuweka akiba. Habari zilipovuka bahari, wenye hisa walishikwa na kiwewe wakaanza kuuza, na bei zikaporomoka New York na London. Upande wa pili, watu wa karibu na benki ya J.P. Morgan na familia ya Vanderbilt walijitokeza na pesa. Oktoba 1878 kampuni ya taa ya Edison ikasajiliwa.

Kampuni ipo, mtaji upo, bei zimeyumba. Taa yenyewe haipo.

WATAALAMU WANASEMA HAIWEZEKANI

Mwaka uliofuata ulikuwa wa jasho. Kwanza alijaribu nyuzi za madini ya platinamu. Zilikuwa ghali na zilizima haraka. Wafadhili wakaanza kuuliza maswali. Wanahabari waliozoea kupewa miujiza kila wiki wakaanza kunong'ona kwamba mchawi ameishiwa na dawa.

Uingereza, bunge liliunda kamati ya kuchunguza suala la mwanga wa umeme. William Preece, mhandisi mwenye jina kubwa, alitangaza kwamba kugawa umeme kwa taa za nyumbani ni ndoto tu. Wakati huo huo Mwingereza mwingine, Joseph Swan, alikuwa ameshaonyesha balbu yake mjini Newcastle mapema 1879, bila kelele nyingi.

Kumbuka Preece hakuwa mjinga. Alipiga hesabu kwa mitambo aliyoijua. Edison aliamua kubadili hesabu zenyewe: alitaka uzi mwembamba wenye ukinzani mkubwa, ili umeme mdogo utoshe na nyaya za shaba zisimfilisi. Oktoba 1879, uzi wa pamba uliochomwa ukawa kaboni uliwaka kwa zaidi ya saa 13 ndani ya chupa iliyofyonzwa hewa.

Desemba 21, gazeti la New York Herald lilichapisha habari hiyo kwa upana. Hisa za kampuni ya Edison zikapaa. Profesa Henry Morton, mkuu wa taasisi ya Stevens, New Jersey, akapinga hadharani, akisema kazi hiyo imefeli lakini inasifiwa kama ushindi. Siku kumi baadaye, usiku wa kuukaribisha 1880, maelfu ya watu walipanda treni hadi Menlo Park, wakatembea kwenye theluji, wakaziona taa kwa macho yao.

Preece naye alikuja kukubali baada ya maonyesho ya Paris ya 1881 kwamba Edison ameweza.

Lakini je, nyumba za Manhattan ziliwaka lini? Septemba 4, 1882, mtambo wa Pearl Street ulipoanza kazi. Ulikuwa na wateja 85 na taa kama 400 hivi, katika mitaa michache tu. Kilichoahidiwa kuwa karibuni kilichukua miaka minne.

UVUMI KUWA SILAHA

Unaweza kusema aliahidi mapema lakini alitimiza, basi hakuna neno. Shida ni kwamba mtu akizawadiwa kwa kuahidi, huzoea.

Mwishoni mwa miaka ya 1880, mpinzani wake George Westinghouse alileta umeme wa aina nyingine, unaoweza kusafirishwa mbali kwa gharama ndogo. Edison alitabiri kwamba utaua watu ovyo. Hatari ilikuwepo kweli, ila kambi yake haikuishia kuonya: mwaka wa 1888 wanyama waliuawa kwa umeme huo mbele ya wanahabari ili umma uingiwe na hofu. Haikusaidia. Mwaka wa 1892 kampuni yake iliunganishwa na nyingine na kuitwa General Electric, jina la Edison likaachwa nje. Mwaka uliofuata, maonyesho makubwa ya Chicago yalimulikwa na Westinghouse.

Hata fonografu ilimponyoka. Aliamini kazi yake kubwa ingekuwa ofisini, mabosi wakiiambia barua za kuandikwa. Watu wakaitaka kwa muziki.

Kisha ikaja betri. Mapema karne ya 20 alitangaza betri mpya ambayo ingefanya magari ya umeme yatawale barabara. Ilipofika sokoni ilivuja na kupoteza nguvu, akalazimika kusitisha uuzaji na kurudi maabara kwa miaka kadhaa. Betri nzuri ilipatikana mwaka wa 1909, lakini Henry Ford alikuwa ameshatoa Model T, gari la petroli, mwaka mmoja mbele. Januari 1914, Ford mwenyewe aliwaambia wanahabari kwamba yeye na rafiki yake Edison wanaandaa gari la umeme la bei nafuu. Waliosubiri walisubiri tu, halikuja kuuzwa.

Mwaka wa 1913 alitabiri kwamba vitabu vitaondoka shuleni na filamu zitafundisha kila kitu. Wewe uliyebeba vitabu miaka yote hiyo unajua ilivyokwenda. Mwaka wa 1920 alisema anaunda chombo cha kuwasiliana na wafu, na habari zikasambaa kama moto wa nyika. Alipofariki Oktoba 18, 1931, akiwa na miaka 84, aliacha hataza 1,093 za Marekani. Chombo cha wafu hakikuonekana.

NANI ALILIPIA AHADI?

Ukimwita Edison mwongo utakuwa umemwonea, maana balbu iliwaka. Ukimwita nabii pia umekosea. Alikuwa fundi aliyejua kwamba matarajio huleta pesa, na pesa hununua muda wa kutafuta jibu. Wakati mwingine jibu lilipatikana, wakati mwingine la.

Swali muhimu kwako ni hili: wakati anatafuta, nani alikuwa akilipia? Aliyeuza hisa zake za gesi kwa hofu mwaka wa 1878 aliuza kwa hasara, ilhali kampuni za gesi ziliendelea kumulika nyumba kwa miaka mingi baadaye. Aliyenunua betri ya kwanza alibaki na chombo kinachovuja. Wote wawili walitoa pesa kwa sababu ya kitu ambacho hakijathibitishwa.

Sasa watazame wale wateja 85 wa Pearl Street. Hawakukimbizana na fununu. Taa ziliwashwa kwanza, wakazitumia, wakaona zinafanya kazi. Kampuni haikuanza kuwatoza hata senti hadi mwaka wa 1883.

Kwa hivyo wiki ijayo beste wako akikutumia picha ya simu inayosemekana kuvuja, itazame, mcheke, mbishane. Hakuna ubaya. Ila pesa ziache mfukoni hadi uione ikiwaka.