Edgar Codd: Rubani aliyezipanga kumbukumbu za kompyuta

Edgar Codd alizaliwa Uingereza mwaka 1923, akawa rubani wa vita, kisha mtaalamu wa IBM nchini Marekani. Kasoro aliyoishughulikia, karani wa mazao wa Sumbawanga angeitambua: kijiji cha mkulima kikiandikwa upya kila anapouza mahindi, siku akihama, mstari mmoja usiosahihishwa huweza kupoteza malipo yake.

Mwaka 1970 Codd alipendekeza kumbukumbu zigawanywe katika majedwali: mkulima aandikwe mara moja, na mauzo yabebe namba yake tu. Utaratibu huo ndio nomalaizesheni.

IBM ilisitasita, kampuni iliyokuja kuitwa Oracle ikaitangulia sokoni mwaka 1979. Codd alipata Tuzo ya Turing mwaka 1981, akafariki dunia mwaka 2003. Mabenki yangali yakitumia majedwali yake.