Buster Keaton, Bwana Harusi Asiyecheka

Joseph Frank Keaton, aliyejulikana ulimwenguni kwa jina la Buster, alizaliwa tarehe 4 Oktoba 1895 huko Piqua, katika jimbo la Kansas nchini Marekani. Wazazi wake walikuwa waigizaji wa kusafiri, nao walimpandisha jukwaani angali mdogo ili arushwe na babaye huku na huku mithili ya furushi. Huko alitambua kwamba akicheka baada ya kuanguka, watazamaji hunyamaza; akibaki mkavu wa uso, ukumbi mzima huangua kicheko. Tangu hapo akazoea kubaki mkavu wa uso jukwaani.

Mwaka 1917 aliingia katika filamu, na mwaka 1920 alitoa One Week, filamu fupi isiyo na sauti. Kisa chake tunakisimulia kwa -ka-, kwa kuwa kila tendo humo huzaliwa na lililolitangulia. Bwana harusi na mkewe walitoka kanisani, wakapewa zawadi ya nyumba iliyofungwa vipande vipande ndani ya makasha. Mwanamume aliyekataliwa na bibi harusi akabadili namba za makasha, nyumba ikasimama imepinda. Dhoruba ikaizungusha kama pia. Kisha wakaambiwa kwamba kiwanja si chao. Chao ki ng'ambo ya reli. Wakaikokota, ikakwama relini. Garimoshi likaja, likapita kwenye reli ya pili pasipo kuigusa. Hawajamaliza kushusha pumzi, jingine likatokea upande wa pili, likaivunjavunja. Bwana harusi akaweka kibao cha kuiuza, akaambatisha na maelekezo ya ujenzi, akamshika mkewe mkono wakaenda zao. Kwa maoni yetu, maelekezo hayo yanachekesha kuliko garimoshi lenyewe.

Mwaka uliofuata Keaton alioa kwelikweli, akamwoa Natalie Talmadge, wakajaliwa watoto wawili wa kiume. Mwaka 1928 alijiunga na kampuni ya MGM, akakoma kuwa bwana wa kazi zake. Ulevi ukamwandama. Talaka ya mwaka 1932 ikamwondolea jumba lake la Beverly Hills, na wanawe wakapewa jina la ukoo wa mama yao. Mwaka 1933 akaachishwa kazi.

Mwaka 1940 alimwoa Eleanor Norris, mcheza dansi aliyekuwa mdogo kwake kwa zaidi ya miaka 20. Aliishi naye hadi alipofariki, tarehe 1 Februari 1966.