Fausto Coppi: bingwa wa kinga aliyekubali kwamba alimeza dawa

Wapenzi wa mashindano ya kinga wangali wanamtaja Fausto Coppi, Muitalia aliyefariki zaidi ya miaka 60 iliyopita. Lakini jina lake linaleta pia swali gumu: ile nguvu alizaliwa nayo, ao ilitoka kwa dawa?

Coppi alizaliwa tarehe 15 Septemba 1919 huko Castellania, kijiji cha wakulima kaskazini mwa Italia. Akiwa kijana alifanya kazi kwa muuza nyama mjini Novi Ligure, akipelekea wateja nyama kwa kinga. Huko njo alimukuta Biagio Cavanna, kipofu aliyekuwa anakanda misuli ya wakimbiza kinga, na huyo ndiye aliyemtengeneza. Akipumzika, moyo wa Coppi ulipiga polepole kuliko wa watu wengi.

Mwaka 1940, na miaka 20 tu, akashinda Giro, mzunguko wa Italia. Kisha vita ikamchukua. Mwaka 1943 Waingereza walimkamata Tunisia. Aliporudi, alishinda Milan–San Remo ya 1946 akimwacha wa pili dakika 14. Kwa jumla alichukua Giro mara 5 na Tour de France mara 2.

Coppi hakuficha. Alikubali waziwazi kwamba alitumia amfetamini, vidonge vinavyofanya mtu asisikie uchovu. Wakati ule sheria za mchezo hazikuvikataza, na wenzake wengi walivimeza pia. Lakini je, ilikuwa haki? Yule aliyekataa alikuwa na mambo mawili tu: kubaki nyuma, ao kuhatarisha mwili wake ili naye apate mkate.

Desemba 1959 Coppi alienda Haute-Volta, leo Burkina Faso, kushindana na kuwinda. Yeye na mwenzake Raphaël Géminiani walirudi na homa. Ufaransa, waganga waliona malaria ya Géminiani, wakampa kinini, akapona. Waganga wa Coppi hawakuitambua. Alikufa Tortona tarehe 2 Januari 1960, na miaka 40.

Vidonge havikumuua yeye. Lakini mwaka 1967 Muingereza Tom Simpson alikufa akipanda Mont Ventoux, na amfetamini zilikutwa mwilini mwake. Leo zinakatazwa katika mashindano.

Ushindi wa Coppi haukufutwa, kwani sheria za mchezo za wakati wake hazikukataza vidonge hivyo. Ila hakuna anayeweza kutenga kazi ya moyo wake na kazi ya kidonge. Pengine hata yeye mwenyewe hangeweza.